Kabureta Chini ya Kawa

Niliziba kitundu cha kifuniko cha tangi kwa nta ya mshumaa, halafu nikajipongeza. Naanzia hapo kwa sababu kila mtu wa Bukoto, hapa Kampala, anayeijua habari hii huanzia hapo, tena kwa kicheko, na afadhali nijicheke mwenyewe kabla hamjanianza. Petroli siku hizo ilikuwa imeadimika kuliko sukari, na sukari ilikuwa imeadimika kuliko ukweli. Nilikuwa na dumu moja, nimelificha chini ya kitanda, na kiasi chake nimekitia kwenye trekta. Basi nikaona katikati ya kifuniko cha tangi pana kitundu, chembamba kama jicho la sindano. Nikakinusa. Harufu ya petroli hiyo inatoka! Nikasema, kumbe mali yangu inapaa mbinguni na mimi nimekaa. Nikawasha mshumaa, nikadondosha nta, nikaisawazisha kwa kidole gumba, nikaingia ndani kunywa chai kavu kama mtu aliyemzidi mwizi akili.

Sekondari nilimaliza. Fizikia nilipasi. Hayo tuyaache.

Trekta yenyewe ilikuwa ya bustani, ya kukalia, kubwa kidogo kuliko punda, nyekundu, na nyuma yake kuna plau ndogo. Ilikuwa ya Mhindi mmoja aliyependa maua. Wahindi walipofukuzwa, nyumba yake alipewa bwana mmoja wa wale tuliowaita mafuta mingi, waliolala hawana kitu wakaamka na maduka, na huyu hakuwa na haja na maua. Mimi nilikuwa karani katika duka la vyuma la Mhindi mwingine, kwa hiyo siku Wahindi walipofukuzwa, kazi yangu ilifukuzwa nao. Nikabaki na nyumba ya marehemu mama na kipande cha shamba kinachoteremka nyuma yake hadi bondeni. Nikampa yule bwana baiskeli na redio, akanipa trekta. Baiskeli sikuwa na kazi nayo. Mimi ni mtu wa ndani. Hata jua likinikuta uani hushtuka, likadhani limekosea nyumba.

Nikawasha trekta, ikalima tuta moja, la pili, ikaanza kukohoa, ikafa. Ikapumzika, ikawaka, ikalima kidogo, ikafa tena. Ndipo nikamwita Sajini.

Sajini alikuwa fundi wa magari ya polisi, mtu wa kaskazini, ng'ambo ya Karuma, mrefu, mpole wa maneno. Alikaa na mkewe katika nyumba za askari pale juu kilimani. Kila alipokuja nilimfungulia kifuniko mwenyewe, kwa maringo, aone kwamba mafuta yamo, kisha nikakitia mfukoni kisiibwe. Injini ikavutwa kamba, ikanguruma kama haijawahi kuumwa. Haikohoi, haifi. Sajini ananitazama, ananiaga. Akishafika barabarani nafunga kifuniko changu, naanza kulima, inakufa. Nikaapa kwa majirani kwamba trekta hii inaogopa sare. Mwishowe akasema huenda kuna taka kwenye kabureta, kile kikombe cha chuma kinachochanganya petroli na hewa kabla injini haijavila. Taka inaelea, mara inaziba, mara inaachia. Akaifungua, akaizungushia gazeti, akaondoka nayo kwapani akaisafishe nyumbani.

Sikumwona tena. Lakini si yeye ninayemchora hapa. Namchora mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Sajini ingawa mtoto hakuwa naye, na ambaye niliishi naye ua kwa ua miaka nisimwulize hata mara moja jina alilopewa na baba yake.

Namna Sajini alivyoondoka tulielezwa na Hajati, na Hajati alinieleza akiwa ameweka kiganja mdomoni, jambo ambalo kwake lilikuwa geni. Huyu Hajati ni jirani yangu, mjane wa mfanyabiashara, ukoo wa watu wa pwani waliotua Old Kampala zamani kama wazee wangu. Mwanamke anayesema kwanza, akafikiri baadaye, na mara nyingi akaona hapakuwa na haja ya kufikiri. Alisema gari lilisimama mbele ya nyumba za askari, ndani watu wenye miwani myeusi, wale wa usalama. Wakamwita Sajini: afande, gari letu lina ugonjwa, hebu panda usikilize likiwa linakwenda. Akapanda kusikiliza. Likaenda.

Mkewe akaambiwa ahame, maana nyumba ile ni ya askari aliye kazini, na wake hayupo kazini. Hajati akampa chumba cha uani, mlango wake unatazamana na ua wangu wa michongoma. Siku anahamia, watu walimbebea godoro na sufuria. Yeye alibeba sinia. Alitembea toka kilimani ameishika kwa mikono miwili, taratibu kama bibi harusi. Juu yake palikuwa na kitambaa, na juu ya kitambaa kabureta yangu vipandevipande, imepangwa kuanzia kikombe hadi skrubu ndogo kabisa, kwa mstari aliouacha Sajini. Akaifunika kawa, ile ya ukindu ya kufunikia chakula, akaiweka juu ya kabati.

Nilimpa muda, kisha nikaenda kupiga hodi. Nikasema, "Mama Sajini, pole sana. Samahani, ile kabureta..."

"Sajini hapana maliza," akasema, na mlango ukafungwa, si kwa hasira, kama mtu anayefunga dirisha mvua ikianza.

Trekta ikawa banda la kuku. Walitagia kwenye kiti. Nami nikalima kwa jembe la mkono, kazi ambayo Hajati alikuwa akileta kigoda kuitazama.

Watu watamkumbuka Mama Sajini kwa mwiko. Mafundi wengine wana vifaa. Yeye alikuwa na bisibisi moja, spana chache za mumewe, na mwiko wa kusongea ugali. Kichwa cha mwiko anakigusisha kwenye injini, mpini anautia sikioni, anafumba macho. Anauhamisha, anasikiliza, anauhamisha, kama daktari anayempima mtu kifua. Halafu jioni mwiko ule ule unasonga ugali. Alinipa mara nyingi. Ulikuwa na harufu ya oili kwa mbali. Hajati aliukataa waziwazi. "Mimi si gari," alisema.

Alijifunza kwa kumshikia mumewe taa. Sajini alikuwa akija na kazi nyumbani, na kwa kuwa hapakuwa na mtoto wa kuhadithia, alimhadithia mkewe habari za injini. Kwa hiyo kila alichokijua alikisema kwa jina la mumewe, kama bado anakula naye. "Sajini nasema injini nataka vitu tatu: mafuta, moto, na pumzi." "Sajini nasema plagi ni ulimi ya injini." Anaichomoa plagi, anaigeuza juani. Ikiwa nyeusi, injini inakula kupita kiasi. Nyeupe, ina njaa. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, mrudishie mwenyewe, ni mzima. Hajati aliposikia hilo alisema basi injini zina raha, maana yeye chai ya namna hiyo ameisahau.

Petroli ya magendo aliipima kwa kidole. Anakichovya, anakipungia hewani. Petroli safi hukauka na kuacha baridi; iliyotiwa mafuta ya taa huacha utelezi. Wauza magendo walimchukia kwa kidole kile, na walimletea magari yao.

Alikosea pia, msidhani namtungia utakatifu. Alifungua cherehani ya Hajati, akaifunga, ikabaki skrubu moja mezani. Akasema hiyo ilizidi kiwandani. Tangu siku hiyo cherehani ilishona vizuri sana, ila kwa kurudi nyuma. Hajati alipolalamika aliambiwa ageuze kitambaa.

Mwenye chombo akija, hakutaka kuambiwa ugonjwa. "Usinipe jina ya ugonjwa," anasema. "Nipe mambo ulifanya mbele ya yeye kuugua." Watu hawapendi swali hilo. Mimi aliniuliza mara kadhaa, kwa mzaha, huku trekta imekaliwa na kuku: "Karani, wewe ulifanya trekta nini?" Nami kwa moyo mweupe nikajibu sikufanya kitu, nilikuwa naitunza tu. Nta ilikuwa imenitoka akilini kabisa. Mtu hakumbuki mambo aliyoyafanya kwa akili nyingi.

Lakini sikio lake lilikuwa na kazi nyingine, na hiyo hatukumwomba. Mchana alikaa mlangoni kumenya ndizi au mihogo. Gari likiingia kichochoro chetu, kabla halijatokeza, sisi sote tulitazama kisu chake. Kisu kikiendelea kumenya, nasi tuliendelea: ni lori la mkaa, ni gari la padri, ni bwana mafuta mingi analeta magunia. Kisu kikisimama, wanaume walikumbuka shughuli zao za bondeni. Hakuinua kichwa. Kisu ndicho kilikuwa redio yetu, na kwangu hasa, maana yangu nilikwisha kuitoa kwa trekta.

Mchana mmoja kisu kilisimama na gari halikusikika. Kumbe lilikuwa linasukumwa. Watu wawili wenye miwani myeusi na suruali pana chini, wanatoka jasho. Gari limewafia barabarani na wameambiwa hapa kuna mwanamke fundi. Mimi nilikuwa chini ya kitanda na dumu langu, kwa hiyo haya nayasema kwa kauli ya Hajati, aliyekuwa amesimama palepale anaanua nguo zilizokwisha anuliwa. Mama Sajini aliweka kisu chini, akachukua mwiko. Akawaambia wavute stata. Akasikiliza. Akafungua boneti zaidi, akakaza waya uliolegea, gari likawaka. Wakamshukuru, wakaondoka.

Nilipotoka kujipangusa vumbi nilimkuta Hajati anamfokea kwa kunong'ona, kitu kigumu kwelikweli. "Mwanamke wewe! Ungewatia sukari kwenye tangi!"

Mama Sajini akamtazama kwa mshangao. "Sukari iko wapi, Hajati?"

Tulicheka. Nakumbuka Hajati alishika nguzo ya kibaraza. Tukishacheka, Mama Sajini akaokota kisu. "Gari hapana kosa," akasema. "Na mimi nataka sikia kama ni ile."

Nikauliza, "Na ndiyo?"

"Hapana." Akaendelea kumenya.

Mtu huyu aliyeponya kila kilichokuwa na magurudumu hakupanda hata kimoja. Basi la kwenda Wandegeya likisimama mbele yake alilipungia mkono lipite. Alikwenda kwa mguu kanisani, kwa mguu sokoni, na kwa mguu hadi Luzira. Luzira alikwenda na chakula. Alikipika asubuhi, akakifunga kwa taulo, akavaa gauni lake la Jumapili, akaenda kuuliza langoni mwa gereza kama jina la mumewe limo. Alirudi jua linashuka, viatu mkononi. Langoni waliangalia, jina halimo. Njoo siku nyingine. Taulo ilikuwa bado imefungwa. Alinipitishia juu ya michongoma.

"Karani, kula. Itaharibika."

Nami nilikula. Miaka nilikula chakula cha Sajini. Hakupenda chumvi nyingi, karanga alizipenda zimesagwa laini, na nyama yake ilipatikana Mungu anajua wapi, maana mezani kwa mkewe sikuiona. Sitawadanganya: zile siku za Luzira nilizingojea. Nilikuwa naketi karibu na ua na sahani tayari, najifanya napalilia. Siku moja nilimwambia kwa utani Sajini ana bahati ya mapishi. Akaniambia, "Kumbe unajua hii chakula ni ya nani." Akaingia ndani. Na bado chakula kile nilikimaliza.

Hajati alitaka aweke matanga. Si Hajati peke yake. Mchungaji wake wa kanisa alimjia pia, akazungukazunguka maneno kama mtu anayetafuta kiti gizani. Hajati hakuzunguka. "Bambi, pole mwenzangu. Mimi wangu alipokufa nilikaa eda, nikalia mpaka nikachoka kulia. Wewe utakaa hivi mpaka lini?"

"Maiti hapana, matanga hapana," Mama Sajini alisema.

Ukweli mwingine sote tuliujua. Matanga ya mtu aliyechukuliwa hayakuwekwa. Ukimlilia, unasema amekufa. Ukisema amekufa, unasema kuna aliyemuua. Na wao walisema hawajamwona. Kulikuwa na nyumba moja upande wa juu ambako mama alipiga yowe kwa ajili ya mwanawe, na kesho yake kisu cha Mama Sajini kilisimama, na nyumba ile ikapungukiwa na mtu mwingine. Baada ya hapo watu walilia kwa siri. Wengine walifungulia redio mpaka mwisho. Wengine walitwanga kinu kisicho na kitu ndani. Ukipita unasikia pu, pu, pu, na unajua hapo hapatwangwi mtama. Mama Sajini hakufungua redio wala hakutwanga. Chumba chake na changu vilitenganishwa na michongoma tu, na kwa miaka yote sikumsikia hata akivuta kamasi. Nilichosikia ni kitambaa: kila Jumamosi alifuta vumbi kawa, juu tu, bila kuiinua.

Alikuwa mkali, tena kwa mambo madogo. Alinigombeza kwa kuvuta mlango wangu kwa nguvu, kwamba naua bawaba. Alimkemea Hajati kwa kuapa, halafu bisibisi ikimteleza anatoa tusi la kambini ambalo lilimfanya Hajati ajifunike kanga usoni ili acheke vizuri. Aliniita Karani mpaka mwisho ingawa ukarani wangu ulikuwa umekufa siku nyingi. Nadhani alikuwa mtu wa kumwachia kila mmoja cheo chake mpaka mwenyewe arudi kukichukua.

Halafu alikuja mgeni. Mimi sikumwona, nilikuwa ndani, ambako ndiko ninakokuwa. Hajati alimwona: mwanaume aliyekonda, kandambili za tairi, ameketi kizingitini kwa Mama Sajini mchana kweupe. Baadaye tulikuja kujua alikuwa ametoka kule alikofungwa pamoja na Sajini. Walizungumza kilugha chao, kwa maneno machache. Mama Sajini akampa maji, akampa chakula, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi aliosha sahani ya mumewe, ambayo ilikaa peke yake rafu ya juu, akaichanganya na sahani nyingine. Hajati akaniambia hilo tu, na akaongeza kwamba hakuuliza kitu. Hajati! Nikajua.

Kesho yake asubuhi nilisikia hodi. Ni yeye, na sinia mikononi.

"Karani, toa kuku yako."

"Kuku?"

"Kwa trekta. Mimi naenda kwetu kesho. Hii kazi ya watu haiwezi kubaki."

"Kwa mguu?" nikasema, maana mdomo wangu haujui siku za kunyamaza.

"Kwa basi. Nitafika kwa mguu, mimi?"

Niliwafukuza kuku. Tukapangusa kinyesi kwenye kiti, tukajaza tairi pumzi kwa pampu ya bwana mafuta mingi, pampu ya baiskeli iliyokuwa yangu. Nikatoa dumu chini ya kitanda. Akachovya kidole, akakipungia, akakubali, nikajaza tangi. Kisha akainua kawa. Alivifunga vile vipande kimoja kimoja, kwa mstari ule ule, bila kubabaika, midomo inakwenda kidogo kama mtu anayesoma. Skrubu ya mwisho ilipoingia, sinia ilibaki na kitambaa tu, na juu ya kitambaa alama za duara mahali vitu vilipokuwa vimekaa. Akakikunja kitambaa.

Nikaleta kifuniko kutoka kabati la vikombe, ambako nilikitunza miaka yote, nikakifunga mwenyewe. Akavuta kamba. Ikagoma, ikagoma, ikawaka. Ningepiga kelele za furaha lakini nilimwona usoni nikaacha. Hajati alikuwa amekwisha kuja kwenye ua na kigoda chake.

Ikanguruma, kisha, kama zamani, ikaanza kukohoa. "Unaona?" nikasema. "Ndiyo hivi! Ndivyo ilivyokuwa!"

Mama Sajini akafumba macho. Aliweka mwiko kwenye injini, akaweka kwenye bomba la mafuta, akaweka kwenye tangi. Akafumbua macho. "Injini hapana mgonjwa. Hii nafungwa pumzi." Akashika kifuniko, akakizungusha, na tangi likavuta hewa, fyuuu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Kikohozi kikakatika hapohapo. Injini ikasimama imara, inanguruma.

Alikigeuza kifuniko juani. Akachomoa pini kwenye nguo yake, akadunga katikati. Nta ikatoka kipande kizima, na alama ya kidole changu gumba juu yake.

"Nani?"

"Mimi."

"Lini?"

"Kabla sijamwita Sajini."

"Na yeye akikuja, hii ilikuwa wapi?"

Nikagusa mfuko wa suruali kama mjinga. "Hapa."

Akautazama mfuko wangu. Nilingojea tusi la kambini. Ningelipokea kama zawadi. Badala yake alisogea karibu, maana injini ilikuwa na kelele, akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

"Siku ile tulipata sabuni. Mimi nilikuwa naosha sahani. Gari ile ikasimama, lakini hawakuzima. Mimi nasikia. Nikasema kwa roho, hii gari ni mzima, hapana ugonjwa hata kidogo, sasa wanamwita ya nini? Mikono iko ndani ya povu. Nikasema nitoke, nimwambie. Lakini nifute mikono kwanza." Akaifuta mikono yake kwenye gauni, mbele na nyuma, taratibu. "Nikafuta mikono."

Injini iliendelea kunguruma katikati yetu.

"Ile ilikuwa mzima," akasema. "Na yako ilikuwa mzima."

Akafunga kifuniko, kitundu wazi. Akapandisha gauni, akapanda kwenye kiti. Mwanamke ambaye hakukanyaga chombo chochote tangu siku ile, alikaa pale kama aliyezaliwa juu yake, akasukuma mkono wa mafuta mpaka mwisho, na trekta ikaruka kwenda shambani. Haikukohoa. Ilishuka hadi bondeni, ikapinda, ikapanda, ikapinda, plau inarusha udongo, inalima matuta yaliyopinda kama nyoka juu ya kabichi zangu changa na juu ya kila kitu.

Ndipo niliposikia mlio mwembamba, mrefu, ndani ya ngurumo. Mimi na elimu yangu nikadhani mkanda umelegea. Nikategea sikio kama fundi. Mlio unapanda, unakatika, unaanza tena. Trekta ikapinda kuelekea kwetu nikamwona uso: kichwa amekirudisha nyuma, kinywa wazi chote, shingo imejaa mishipa. Juu ya trekta ile alikuwa anapiga yowe, na kutoka barabarani, kutoka nyumba ya pili, kutoka mahali popote penye sikio, ungesikia trekta ya Karani inalima.

Akapita. Akashuka tena bondeni. Nikaangalia dumu: lilikuwa jepesi, na yaliyomo tangini yalikuwa yanakwenda kwa kasi ile. Sijui mtu ameumbwaje. Nilisema moyoni nimsimamishe, nimtulize, nimpe chai, tuyaokoe mafuta yaliyobaki. Na nikaanza kushuka shambani mkono juu.

Sauti ya Hajati ikanishika mgongoni kutoka kwenye ua.

"Karani, ukiizima hiyo trekta nitakuvunja mguu. Miaka yote hii huyo hajapata pa kulilia."